Kisiki Kilicho Hai Usiking'oe

Nawasalimu nyote mlioko Manyoni na Itigi, Ikungi, Iramba na Mkalama, na nyinyi wa Singida mjini na vijiji vya Ilongero. Mama unayechochea moto wa uji saa hii, shikamoo yangu ikufikie hapo hapo jikoni. Baba uliyekwisha kutoka na panga kwenda kuandaa shamba, punguza mwendo kidogo, maana mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Leo tunazungumza kuhusu kuni. Kuni za kupikia nyumbani, zinakotoka, na namna familia inavyoweza kuzipata mwaka baada ya mwaka kutoka kwenye kipande chake yenyewe cha miti bila kukimaliza. Nitasema mengi, lakini liko moja nitakalolirudia, na ukisahau mengine yote naomba ubaki na hilo: kisiki kilicho hai usiking'oe. Usiking'oe na usikichome moto. Kiache. Kuni zako za miaka 5 au 6 ijayo zimo humo.

Tuanze na hali tuliyonayo. Mkoa wetu ni mkavu, hilo halihitaji kuelezwa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba au Disemba, inakatika Aprili, na baada ya hapo ni jua na upepo mpaka mwaka uzunguke. Sehemu nyingi za mkoa hupata kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, na kuna miaka hata hizo 500 hazifiki. Wakati huo huo watu tumeongezeka. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu kama milioni 1 na laki 4. Sensa ya 2022 ikatukuta tumepita milioni 2. Ni miaka 10 tu hiyo, msikilizaji. Na watu wote hao wanakula, na vijijini chakula hicho kinaivishwa kwa kuni karibu katika kila nyumba. Juu ya mapishi weka tanuri za matofali, weka pombe ya kienyeji inayochemka kutwa nzima, weka magunia ya mkaa yaliyosimamishwa kando ya barabara kuu ya kwenda Manyoni.

Sasa jiulize: bibi yako alikuwa anakwenda wapi kutafuta kuni? Wengi mtajibu kwamba alikuwa anazungukia nyuma ya nyumba, au anateremka bondeni na kurudi kabla maji hayajachemka. Na leo mkeo anakwenda wapi? Binti yako anakwenda wapi? Anatoka alfajiri na kamba na panga, anarudi jua likiwa kali, mzigo uko kichwani na shingo imekaza. Kesho kutwa anarudia. Saa zile zote zingekwenda kwenye palizi, kwenye kuku wake, kwenye daftari la shule. Mimi nasema huo ndio umaskini ambao hatuuandiki popote, kwa sababu anayeubeba halalamiki.

Kwa hiyo tunafanyaje? Wengi watajibu haraka: tupande miti. Ni jibu zuri, na sina neno baya juu ya kupanda miti. Lakini tuseme ukweli kuhusu mche katika ardhi ya Singida. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Tarehe 1 Aprili hapa kwetu mvua inaaga. Mche uliopandwa siku hiyo, wenye mzizi wa urefu wa kiganja, unaachwa na kiangazi cha miezi saba au minane mbele yake. Mwezi wa nane, upepo unapopeperusha vumbi, nani anao maji ya kumwagilia mche wakati ya kunywa yenyewe yanafuatwa kisimani? Ukitaka kupanda, panda Disemba au Januari, na panda unachoweza kukitunza. Lakini kabla hujachimba shimo la mche, tazama shamba lako vizuri. Unavyo visiki vingapi?

Hapo ndipo penye utajiri. Mti uliokatwa umepoteza shina na matawi, lakini mizizi iko palepale. Mizizi hiyo imechukua miaka 10, miaka 20, kushuka mpaka kwenye unyevu ambao mche wa kiriba hauwezi kuufikia. Ndani yake kuna akiba ya chakula ambayo mti uliiweka wakati ukiwa na majani. Shina likiondoka, mizizi inaisukuma akiba ile juu, na macho yaliyokuwa yamelala chini ya gome yanaamka.

Naomba ukalione hili kwa macho yako. Tafuta kisiki cha mlama kilichokatwa mwezi wa nane au wa tisa, mvua za kwanza zikishapita. Inama kabisa, usikitazame kwa mbali. Pembeni, chini kidogo ya pale panga lilipopita, utaona gome limetutumka. Vinundu vidogo vimejitokeza, kimoja hapa, vitatu kule. Siku chache baadaye vinapasuka na kutoa majani laini. Ikifika Februari hicho kisiki hukioni tena, kimefunikwa na machipukizi kumi, kumi na tano, pengine ishirini, yanayogombania mwanga. Hakuna aliyemwagilia wala kununua mbegu. Ni kama unavyochuma matembele bustanini: unachuma, shina linabaki, na baada ya muda unarudi kuchuma tena.

Je, kila mti unafanya hivyo? Hapana, na hapa sikiliza vizuri. Miti yetu mingi ya asili inachipua: mlama, mkole, mtundu, myombo, mkwaju, na aina nyingi za migunga. Katika ile ya kupandwa, mjohoro ni hodari sana. Unaukata, unachipua, unaukata tena, unachipua tena. Mwarobaini nao unachipua. Mkaratusi unachipua kwa nguvu, lakini unakunywa maji mengi, na mimi siwezi kukushauri uuweke karibu na kisima au bustani yako katika mkoa mkavu kama huu. Msindano, ule mti wa mbao tunaouona Sao Hill kule Iringa, ukiukata umekwisha. Kisiki chake hakirudi. Mgrevilea ukiwa umekua, ni salama zaidi kuupogoa matawi kuliko kuukata chini. Na kumbuka kwamba mti mzee sana, hata wa aina inayochipua, hupungukiwa na nguvu hiyo. Kisiki cha unene wa paja kina matumaini makubwa kuliko kisiki cha unene wa pipa.

Na kama unadhani hii ni habari ya kigeni, watu wa Itigi wanaweza kukusahihisha. Kile kichaka kinene cha Itigi, ambacho mtu mzima hukipenya kwa shida, ni miti mifupi inayotoa mashina mengi kutoka kitako kimoja. Ni uoto wa nadra. Mwingine wa aina hiyo uko Zambia, upande wa kaskazini, na si sehemu nyingi zaidi duniani. Hatukihitaji kichaka kile tukikate ovyo, tunakihitaji kibaki. Nakitaja kwa sababu kinatuonyesha kwamba ardhi hii, na mvua hii ndogo, inaiweza kazi ya kuchipua.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Chukua panga, twende pamoja.

Kwanza, wakati wa kukata. Kata kiangazi, kuelekea mwishoni mwake, mwezi wa saba mpaka wa tisa. Wakati huo mti umetulia na chakula kingi kimo mizizini. Mvua ikija, machipukizi yanatoka na kupata msimu mzima wa kukua. Ukikata katikati ya mvua, mti umekwisha kutumia akiba yake kutengeneza majani, na wewe unayaondoa majani hayo kabla hayajalipa. Machipukizi yatakayotoka yatakuwa machanga kiangazi kikiingia.

Pili, namna ya kukata. Panga liwe kali, au tumia msumeno. Kata chini, kiganja kimoja au viwili kutoka ardhini, na ukate kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke yasituame juu ya kisiki na kukiozesha. Usiuvunje mti kwa kuupindisha mpaka gome lichanike kuelekea chini. Gome likichanika, yale macho niliyoyasema yanapotea. Nimeona visiki vingi vilivyokufa, na mara nyingi sababu si jua wala mchwa, ni panga butu na haraka.

Tatu, na hii wengi hatuifanyi: kuchagua machipukizi. Kisiki kikiachwa na machipukizi 20, kitakuwa kichaka miaka yote, vijiti vyembamba visivyoivisha maharage. Baada ya msimu wa kwanza, yachague. Acha matatu, manne au matano, yale yaliyonyooka, yenye nguvu, yaliyotoka chini karibu na ardhi na yaliyokaa mbalimbali kuzunguka kisiki. Mengine kata. Hayo uliyokata si hasara, ni kuni za kuwashia moto na ni majani ya mbuzi. Ukitaka miti ya kujengea, acha moja au mawili tu na uyapogoe matawi ya chini yapande wima. Ukitaka kuni, acha matatu mpaka matano. Halafu funga kitambaa cha rangi kwenye hayo uliyoyachagua, ili kijana anayelima na maksai ajue kwamba pale asipitishe plau.

Umekata kwa wakati, umekata vizuri, umechagua. Bado jambo la nne, na hili ndilo moyo wa mazungumzo yetu: kukata kwa zamu.

Tuseme unacho kipande cha miti, pengine pembezoni mwa shamba, pengine juu ya kilima cha mawe ambako hata alizeti haikubali. Usikikate chote mwaka mmoja. Kigawe mafungu. Ni mafungu mangapi? Hesabu miaka ambayo chipukizi linahitaji kufikia unene wa mkono wako, maana huo ndio unene mzuri wa kuni: hauhitaji kupasuliwa kwa shoka, mama anaukata kwa panga na kuusukuma jikoni. Mjohoro unaweza kufika hapo kwa miaka 5 hivi. Mlama na migunga, weka miaka 6 mpaka 8. Mtundu na myombo huenda polepole zaidi. Basi ukichukua miaka 6, gawa kipande chako mafungu 6. Mwaka huu unakata fungu la kwanza, mwakani la pili, na kuendelea. Ukimaliza kukata fungu la sita, unarudi la kwanza na kulikuta limefikia kukatwa tena. Na kwa miaka yote hiyo kipande chako hakijawahi kubaki uwanda mtupu. Kuna miti mirefu, kuna ya kati, kuna michanga. Nyuki wana maua, na udongo umeshikwa.

Je, kipande kiwe kikubwa kiasi gani? Swali zuri, na jibu lake uanze kulitafuta jikoni kabla ya kwenda shambani. Muulize mama mwenye nyumba: kwa wiki tunachoma mizigo mingapi? Akisema miwili, basi kwa mwaka ni mizigo kama 100. Sasa nenda kakate visiki kadhaa vilivyokomaa uone vinatoa mizigo mingapi. Tuseme visiki vitatu vimekupa mzigo mmoja. Kwa mizigo 100 unahitaji visiki 300 kwa mwaka, na kwa zamu ya miaka 6 unahitaji visiki 1,800. Ni vingi? Ndiyo, ni vingi. Miti hiyo ikikaa umbali wa mita 2 kwa mita 2, ekari moja inachukua kama 1,000, kwa hiyo unazungumzia karibu ekari mbili.

Usikate tamaa kwa hesabu hiyo. Ninakupa hesabu ya kweli kwa sababu nimesikia watu wakiahidiwa kwamba robo ekari itawalisha kuni maisha yao yote, na ahadi ya namna hiyo inamfanya mtu aache kazi mwaka wa pili. Kama una nusu ekari, umeondoa karibu robo ya safari za kwenda porini, na hilo peke yake ni ushindi. Ongeza visiki vilivyotawanyika ndani ya shamba la mtama. Ongeza matawi ya miti ya mpakani. Badala ya mafiga matatu yanayotoa moto pande zote, finyanga jiko banifu la udongo, na ile mizigo miwili ya wiki itapungua. Na kausha kuni! Kuni mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Unayabeba maji hayo kichwani, halafu unatumia moto wako kuyachemsha, halafu unapata moshi wa kukuumiza macho na kifua. Kata mwezi wa saba, panga kuni juu ya mawe zisiguse ardhi, upepo wetu utamaliza kazi kabla ya Disemba. Gonga vijiti viwili. Vikilia kwa sauti kavu, vimeiva kwa jiko.

Sasa nije kwa adui. Ukiniuliza kwa nini visiki vya Singida havirudi kuwa miti, nitakujibu kwamba vinarudi kila mwaka, na kila mwaka tunavirudisha nyuma. Mbuzi anafika wakati chipukizi lina majani manne. Ng'ombe wanaachiwa mashambani baada ya mavuno, na hakuna anayeuliza ni shamba la nani, kwa sababu mazoea yetu ni kwamba mavuno yakishaondoka, malisho ni ya wote. Mazoea hayo yana maana yake, siyadharau. Mfugaji naye anahitaji mabua kiangazi. Lakini chipukizi si bua, na tunapaswa kukaa chini kama wanakijiji tukubaliane hivyo.

Kwa upande wako unaweza kufanya mambo mawili. Zungushia lile fungu ulilolikata mwaka huu, hilo moja tu, matawi ya miiba, au panda uzio wa minyaa kama wazee walivyozungushia maboma yao. Ukikata minyaa angalia macho, utomvu wake ni hatari. Baada ya miaka miwili mitatu machipukizi yamevuka kimo cha mbuzi na unahamishia miiba kwenye fungu jingine. Jambo la pili, kwa miti iliyo katikati ya njia ya mifugo: usiikate chini. Ikate juu, kwenye usawa wa kichwa chako au zaidi kidogo. Itachipua pale juu, mbuzi atapita chini yake akitazama tu, na wewe utavuna kwa ngazi.

Halafu moto. Moto wa kusafishia shamba, moto wa mwinda panya, moto wa mrina asali asiye makini. Machipukizi ya mwaka mmoja hayahimili moto. Kabla ya mwezi wa saba, lima mkanda wa mita kadhaa kuzunguka kipande chako, ondoa nyasi zote mpaka udongo uonekane. Na ukiandaa shamba, yale magugu yaliyofyekwa usiyarundike juu ya kisiki na kuyachoma hapo. Nasema tena: kisiki kilicho hai usiking'oe, na usikichome.

Kuna mtu ananiambia moyoni, "Wewe wa redio unasema tu, nani ataheshimu miiba yangu?" Nakujibu kwa mfano wa hapa hapa mkoani. Wengi mnaufahamu msitu wa Mgori. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vitano vinavyouzunguka vilikabidhiwa kazi ya kuutunza, kwa msaada wa mpango wa matumizi bora ya ardhi uliofadhiliwa na Sweden. Awali msitu huo ulipangwa uwe hifadhi ya Serikali. Badala yake kila kijiji kikachukua upande wake, kikatunga sheria zake ndogo, kikateua vijana wa doria, na watu wakaanza kuheshimu mipaka kwa sababu waliiweka wenyewe. Mgori na Duru-Haitemba ya Babati ni miongoni mwa misitu iliyofungua njia nchini, na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 ikaja kuupa utaratibu huo nguvu. Leo halmashauri ya kijiji chochote inaweza kupendekeza sheria ndogo, ikapita mkutano mkuu wa kijiji, ikaenda wilayani kuthibitishwa. Kama watu waliweza kulinda msitu mkubwa kiasi kile, hatuwezi kulinda mafungu ya ekari moja moja?

Jirani zetu wa Shinyanga walifanya hivyo kwa ngitili, yale malisho ya Wasukuma yanayofungwa mvua ikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza mwaka 1986, na sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikutoka kitaluni, ilitoka kwenye visiki na mizizi iliyopewa nafasi ya kupumua. Jirani zetu wa Dodoma wanaifanya kazi hiyo leo, wanaiita Kisiki Hai. Ukivuka Bara la Afrika mpaka Niger, nchi yenye mvua ndogo kuliko yetu, alikuwako Mwaustralia, Tony Rinaudo, ambaye kwa miaka alipanda miche huko Maradi na kuiona ikifa. Mwaka 1983 akagundua kwamba vile vichaka alivyokuwa akivipita njiani kila siku ni miti iliyokatwa, inayojaribu kuinuka. Wakulima wakaanza kuichagua na kuilinda mashambani mwao, na eneo lililorudi kuwa na miti linakadiriwa kufikia hekta milioni 5. Walichohitaji zaidi ni uhakika kwamba mti uliomo shambani ni wao, maana kabla ya hapo walihofia kwamba ni mali ya serikali. Na kama unataka ushahidi wa muda mrefu, Uingereza, huko Suffolk, uko msitu mdogo wa Bradfield uliokuwa ukikatwa kwa zamu tangu mwaka 1252, na mpaka leo visiki vyake vinatoa miti.

Kwenye habari ya Niger nimegusa suala la mti ni wa nani, na sitaki kulipita. Nyumbani mwetu anayezibeba kuni ni mama, lakini anayeamua juu ya miti mara nyingi ni baba. Mama anakitunza kipande miaka minne, halafu siku moja anakuta kimeuzwa kwa mtu wa mkaa au kimeingia kwenye tanuri la matofali. Baba, nakuomba kwa heshima, hilo lizungumzeni kabla. Kaeni wawili, mkubaliane fungu hili ni la kuni za nyumbani na haliuzwi. Mama akiwa mjane au anaishi peke yake, ajue kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inampa haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume. Na kwa wote: miti kama mninga na mpingo ina ulinzi wake kisheria, usiiguse kabla ya kumwona afisa misitu. Ukitaka kuuza kuni au mkaa, hiyo ni habari ya vibali, pita kwanza ofisi ya mtendaji.

La mwisho kabla sijawaaga, kwa sababu najua litaulizwa. Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 mpaka 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka huo wa mwisho. Je, kuna haja gani ya kuhangaika na kuni? Mimi nauunga mkono mkakati huo kwa moyo wote. Moshi unaua, na siku gesi itakapofika kila kitongoji kwa bei ambayo mkulima wa uwele anaimudu, nitashangilia. Lakini jioni ya leo watu watakula ugali, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi mafiga yanarudi. Kipande cha miti kinachokatwa kwa zamu hakimzuii mtu kununua gesi. Kinamzuia binti asitembee porini wakati gesi haijafika. Na ikifika, kipande hicho hakiendi bure: kitakuwa miti ya kujengea, kitakuwa mizinga ya nyuki, na asali ya Singida haihitaji kutafutiwa sifa.

Basi msikilizaji wangu, nakuomba kazi moja wiki hii. Kabla plau haijaingia shambani, zunguka shamba lako na mtoto mmoja na vitambaa vya rangi. Tafuta visiki kumi vilivyo hai. Kila kimoja kichagulie machipukizi yake, ukifunge kitambaa, na umwambie kila anayelima nawe kwamba kumi hivi haviguswi. Mwenyekiti wa kitongoji unayenisikia, liingize suala la mbuzi na machipukizi kwenye ajenda ya mkutano ujao, kabla ya mavuno, wakati bado hakuna aliyegombana na mwenzake.